Mgunda, Mbuga na Pori: Maneno ya Ardhi katika Nchi ya Tabora na Mustakabali wa Mkulima Mdogo

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora, akisha kuivuka Ugogo, alikabiliwa na nchi kavu ya vichaka na miiba ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Burton alipita humo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na kila mmoja aliiandika nchi hiyo kitabuni kwake kuwa ni nyika ya kuogofya, yenye maji haba, ambayo msafara hauna budi kuivuka kwa haraka. Jina lake walilifasiri vizuri, kwamba ni shamba kali, shamba la moto. Lakini hawakusimama kulishangaa. Mgunda, kwa Kinyamwezi na kwa lugha kadhaa zilizo jirani nayo, ni shamba. Basi nchi ile ile ambayo mgeni aliiona haina mtu wala kazi, mwenyeji aliiita shamba, ingawa shamba gumu. Wala halikuwa jina tupu. Waandishi hao hao washuhudia kwamba Wakimbu walikuwa wamekwisha kuhamia humo, wamefyeka na kujenga vijiji, hata ukali wa Mgunda ukaanza kupungua.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya macho, baina ya anayeona nyika na anayeona shamba, haikwisha pamoja na misafara. Imeingia katika Kiswahili chenyewe, na kutoka humo imeingia katika sheria; na leo ni moja ya mambo yatakayoamua kama mkulima mdogo wa Tabora atakuwa na ardhi ya kulima katika miaka ijayo. Wachumi na mabwana shamba wamekwisha kuandika mengi juu ya mbolea, bei na mvua, nami sina la kuongeza katika fani yao. Langu ni maneno.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea, yaani kwamba mkulima wa Unyamwezi alikuwa akilima kwa ajili ya chungu chake tu mpaka serikali ilipomfundisha kuuza. Tabora ilikuwa njia panda: njia moja yaenda Ujiji, nyingine yaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine yarudi pwani. Maelfu ya watu waliopita hapo kila mwaka walikula, na chakula chao kililimwa na watu wa vijiji vya njiani. Wanyamwezi wenyewe, waliosifika kwa upagazi, walikwenda pwani wakati wa kiangazi, na wengi wao walijitahidi kurudi kabla ya mvua za mwezi wa Novemba ili wawahi kulima. Waarabu wa Unyanyembe walilima mpunga na ngano katika makonde yao, mara nyingi kwa kazi ya watumwa, jambo ambalo halifai kufichwa. Hata neno posho tumelipata katika maisha hayo ya misafara: lilikuwa ni chakula apewacho mpagazi kwa siku zake za njiani, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Siku hizi posho hulipwa zaidi kwa wahudhuriaji wa semina, na mkulima anayejadiliwa katika semina hiyo hapati hata kibaba.

Tukija katika maneno ya ardhi yenyewe, neno la kuanzia ni mtemi, jina la mtawala wa Kinyamwezi. Wanaoeleza asili yake hulihusisha na kitenzi kutema, yaani kukata, kitenzi ambacho Kiswahili nacho kinacho. Wengine husema ni yule akataye mashauri. Wengine husema ni yule wa kwanza aliyekata miti, akafungua msitu kuwa nchi. Sioni sababu ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Palipokuwa na haki ya kukata miti ndipo palipokuwa na haki ya kukata maneno. Chini ya mtemi alikuwako mwanangwa, mkuu wa kijiji, na kwa desturi mtu alipohama, shamba lake lilirudi mikononi mwa mwanangwa, ambaye alimpa mwingine. Shamba lililoachwa, kwa hiyo, halikuwa shamba lisilo na mwenyewe. Lilikuwa limerudi kwa jamaa ya kijiji likingoja mkono mwingine. Utemi kama chombo cha serikali uliondolewa mwaka 1963, na mamlaka yale juu ya ardhi yakahama. Lakini fikra ya shamba linalongoja haikuondolewa kwa sheria yo yote.

Neno la pili ni mbuga. Mtu wa pwani, na mtoto wa shule po pote alipo, akisikia mbuga hufikiri uwanda mpana wa majani. Na tangu tulipozoea kusema mbuga za wanyama, hufikiri twiga na magari ya watalii. Katika nchi ya Tabora, kama katika Usukuma, mbuga ni kitu mahsusi zaidi. Ni bonde la udongo mweusi mzito, linaloloa na kuteleza wakati wa mvua, na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ndimo unamolimwa mpunga katika majaruba. Aidha mbuga haisimami peke yake. Ni kituo cha mwisho katika mteremko. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni, unaolimika kwa urahisi na kufaa kwa karanga, uwele na viazi. Katikati kuna udongo wa aina nyingine, kila mmoja na jina lake. Chini kabisa ndiyo mbuga. Mkulima mwenye busara hujitahidi kuwa na kipande huku na kipande kule, maana mwaka wa mvua nyingi huponza bondeni, na mwaka wa ukame huponza mchangani.

Mpangilio huo wa udongo kufuata mteremko ndio ambao mtaalamu Geoffrey Milne aliueleza kwa ulimwengu mwaka 1935, baada ya uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, akauita katena, yaani mnyororo. Tangu hapo katena imekuwa neno la kawaida katika elimu ya udongo kote duniani. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilistaajabu kukuta neno mbuga limeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa udongo kwa maana ile ile ya mkulima wa Tabora, bila maelezo, kana kwamba kila msomaji alijua. Ndivyo ilivyo pia kwa neno miombo, jina la wenyeji wa nchi hizi kwa miti yao, ambalo leo ni jina la msitu mkubwa unaoanzia kwetu na kufika Angola na Msumbiji. Wageni waliyachukua maneno ya mkulima kwa kuwa waliyahitaji. Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake uliwekwa juu ya Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hakikuyahitaji, maana Unguja hakuna mbuga ya namna hiyo. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Lugha sanifu hupaswa kuanzia mahali fulani, na mahali hapo huwa na udongo wake na majira yake. Mtoto wa Sikonge hufundishwa vuli na masika, ilhali nchi yake ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hana hasara kubwa, atajua mwenyewe. Lakini mpimaji ardhi akiandika katika taarifa yake kwamba kijiji fulani kina "mbuga tupu" upande wa magharibi, mkuu wake aliyeko mjini ataona majani yasiyo na kazi, wala hataona mpunga.

Neno la tatu ni pori, na hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Katika matumizi ya kawaida pori ni mahali pasipokaliwa, na tena ni mahali pasipo na adabu: mtu wa porini ni mshamba aliyezidi. Serikali nayo ina mapori ya akiba na mapori tengefu, ambayo ni ya wanyama. Lakini mwulize mrina asali wa Tabora, naye atakuambia pori lake lina mizinga mingapi na limekatwa katika njia zipi. Asali na nta vimetoka katika nchi hii kwa biashara tangu zamani, na hata leo jina la Tabora hutajwa pamoja na asali. Katika bonde la mto Ugalla warina waliruhusiwa kwa majira maalum kuingia katika pori la akiba. Mwaka 2019 pori hilo lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na hifadhi ya taifa haina nafasi kwa mzinga wa mwanakijiji. Neno moja limebadilishwa kwa jingine, nayo miti haikusogea hata hatua moja.

Pori pia ni shamba lililolala. Mkulima wa mchanga mwepesi hulima miaka michache, na rutuba ikipungua huliacha shamba, majani yakaota, kisha vichaka, kisha miti. Msitu wa miombo huhitaji miaka 20 na zaidi ili urudi kuwa msitu. Katika muda huo wote, mgeni apitaye barabarani huona pori. Mwenye shamba aona shamba la babu yake. Inastaajabisha kwamba Kiswahili Sanifu, chenye maneno mengi kwa kila sehemu ya mnazi, hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa ardhi ya namna hii. Twasema shamba limelazwa, au limepumzishwa, au limeachwa, na neno kuachwa huleta mara moja fikra ya talaka. Mahame, au matongo kama wasemavyo wengi wa magharibi, ni mahali palipokuwa na makazi, na mara nyingi ndipo penye rutuba nzuri kwa sababu ya samadi ya zizi la zamani. Hilo nalo ni jambo jingine.

Historia ya karibu imetoa mifano ya kutosha ya gharama ya upungufu huo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, nao Urambo, nchi ya Mirambo, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa katika Tanganyika, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulikiriwa kuwa umeshindwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi, za mitambo, za mvua na za haraka. Lakini mojawapo ni kwamba waliopanga waliiona nchi kuwa tupu, wakadhani utupu huo wategemea ukosefu wa matrekta. Baadaye, chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, Urambo ikawa nchi ya tumbaku ya wakulima wapangaji, na tangu hapo tumbaku imeenea hadi Kaliua, Sikonge na Uyui.

Tumbaku imewapa watu fedha, na nyumba nyingi za mabati katika vijiji hivyo ni kazi yake. Asiyekubali hivyo hasemi kweli. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa bani kwa kuni, na huipenda ardhi iliyofyekwa upya, hata mkulima humfuata mti mara mbili: mara moja apate shamba, mara ya pili apate moto. Hupata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na wanachama hudhaminiana, kiasi kwamba aliyelima vizuri aweza kukatwa deni la aliyeshindwa. Bei hutajwa kwa dola. Mara nyingi utasikia mkulima akisema, "Nilipewa mifuko minne," naye amekopeshwa mifuko minne; na neno rasmi pembejeo, ambalo lajumlisha mbegu, mbolea na dawa kana kwamba ni zawadi moja iliyofungwa pamoja, halimsaidii kuona kwamba anasaini deni. Mbolea yenyewe huiita ya chumvichumvi, jina ambalo naliona bora kuliko mengi yaliyotungwa mezani, maana latofautisha mara moja na samadi.

Kisha ikaja amri ya kuishi katika vijiji, iliyotolewa mwezi wa Novemba 1973 na kutimizwa kufikia 1976. Watu walisogezwa barabarani, mashamba yakabaki nyuma, na sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa na wenyewe ikageuka, kwa macho ya ramani, kuwa pori. Mtu aliyehamishwa kwa nguvu hakuwa ameliacha shamba lake kwa hiari. Lakini kitenzi ni kile kile, ameliacha.

Sasa nafika penye kiini. Sheria ya ukoloni wa Kijerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haina mwenyewe, ila pale ambapo mtu aweza kuthibitisha umiliki wake, na kwamba isiyo na mwenyewe ni ya Dola. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote, ikaliwayo na isiyokaliwa, kuwa ya umma. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili za ndugu mmoja, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ya pili yaeleza ardhi ya kijiji kwa namna ambayo ingempendeza mwanangwa: ni pamoja na ardhi ambayo wanakijiji wameitumia kwa kawaida katika miaka 12 kabla ya sheria, hata kama katika muda huo ilikuwa imelazwa, au ilikuwa ya kulishia ng'ombe. Ya kwanza, katika kueleza ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, yaongeza kwamba imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Ndugu mmoja ampa mkulima shamba lake lililolala. Mwingine aweza kumnyang'anya. Nayo ardhi apewayo mwekezaji kutoka nje hutolewa katika ardhi ya jumla. Wanasheria wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, nami nawaachia ubishi wao. Lakini tangu mabadiliko ya sheria, namba 1 ya 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo hili limekuwa pia kazi ya wanalugha, kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza lazima yafasiriwe.

Tazama basi tulivyofasiri hapo juu: isiyotumiwa. Wengine wangeandika isiyotumika. Haya si mamoja. Kauli ya kutendeka, kama tusemavyo barabara haipitiki, huonyesha uwezekano. Ardhi isiyotumika yaweza kueleweka kuwa haifai kitu. Kauli ya kutendwa, isiyotumiwa, yasema tu kwamba hapana aitumiaye. Lakini hata hii ina kasoro iliyojificha zaidi. Kirejeshi cha kukanusha chenye -si- hakina njeo. Mtu asiyelima ni mtu ambaye kulima si tabia yake, leo wala kesho. Mkulima aliyeugua mwezi wa Novemba hatumwiti asiyelima. Twasema hajalima, au halimi mwaka huu, au hakulima msimu uliopita. Lugha yetu ina njia tatu au nne za kutaja ukosefu wa kitendo pamoja na wakati wake, na mfasiri akichagua ile isiyo na wakati, amekwisha kuhukumu: hali ya msimu ameigeuza kuwa tabia ya kudumu. Shamba lililolala ni ardhi ambayo haitumiwi sasa. Si ardhi isiyotumiwa. Na pori la mrina asali latumiwa wakati wote, ingawa watumiaji wengi wana mabawa.

Itasemwa kwamba natafuta sindano katika nyasi, na kwamba hatari kwa shamba lililolala haitoki katika sarufi. Ni kweli kwa sehemu. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa watu milioni 2.29 mwaka 2012 na milioni 3.39 mwaka 2022. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma wameendelea kuhamia na ng'ombe wao. Muda wa kulaza mashamba umefupika kila mahali. Na wako wazee wa vijiji waliogawa ardhi ya wenzao kwa fedha bila kungoja mwekezaji wala kamusi. Lakini watu wakiwa wengi ndipo maelezo ya maneno yanapouma. Penye nafasi hakuna aulizaye pori ni nini.

Mfano wa kututia moyo hauko mbali. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, katika nchi iliyokuwa imekwisha kuwa kipara kwa kukatwa miti na kulishwa. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu vya miche. Mafanikio yalikuja walipoigeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe wakati wa kiangazi. Mtu asiyejua angesema kipande kilichofungwa hakitumiwi. Mradi uliichukua desturi pamoja na jina lake, ukaliandika katika taarifa bila kulifasiri, na sheria ndogo za vijiji zikalilinda. Ulipofika mwisho wake mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na miti. Sidai kwamba neno liliotesha miti. Nadai kwamba afisa aliyekuwa na neno ngitili katika karatasi yake hakuweza tena kuandika "ardhi tupu" juu ya mahali pale.

Kwa shamba lililolala bado hatuna neno kama hilo katika lugha sanifu, na ningependa watunga kamusi waende Nzega, Igunga, Urambo na Sikonge kuwauliza wakulima kabla ya kutunga jipya. Hapana shaka watarudi na maneno zaidi ya moja. Lipatikane upesi, maana chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 vijiji vinaendelea kuandikiwa mipango, na karatasi hizo zina safu za makazi, kilimo, malisho, msitu na akiba. Karani wa kijiji akifika kwenye shamba lililolazwa miaka saba iliyopita, ambalo sasa lina vichaka vya kimo cha mtu, lazima aliandike katika safu mojawapo. Wengi huliandika katika akiba. Akiba ya nani, karatasi haisemi.